Binti asidondoke sayansi kidato cha pili: mwongozo kwa mwalimu wa shule ya kata

Walimu wenzangu poleni na kazi. Nafundisha fizikia na hesabu shule ya kata huku mkoani, huu mwaka wa 11 sasa, na haya namwandikia yule mwalimu ambae kila mwezi wa kwanza anaingia kidato cha tatu mchepuo wa sayansi anakuta wavulana 30 na wasichana 5, wakati kidato cha kwanza wasichana ndo walikuwa wengi. Wale wengine shule hawajaacha, wapo darasa la jirani wanasoma historia, na wewe hukuwaona wakati wanaondoka.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nasema tu hawajitumi, masomo ni magumu, basi. Nilikuja kushtuka siku binti mmoja aliyekuwa anapata B ya fizikia bila shida alivyoniletea karatasi yake ya kuchagua mchepuo kaandika sanaa. Namuuliza mbona hivi, ananijibu taratibu, "mwalimu, mimi maabara sijawahi kushika kitu." Nikabisha, nikamwambia mwaka huu mmefanya praktiko sita. Akasema ndio mwalimu, zote mimi nilikuwa naandika. Nikaenda kabatini nikatoa ripoti za makundi, na kweli, karatasi baada ya karatasi ni miandiko ya wasichana, mizuri imenyooka, na vipimo vyote kachukua mvulana. Nililala na hilo jambo. Huyo binti sikumpata tena, alishaamua.

Kwahiyo nilichokielewa ni hiki, binti haachi sayansi siku ya kuchagua. Anatolewa kidogo kidogo kwa miaka miwili, kwa vitu ambavyo mwalimu havioni, alafu ile siku anasaini tu. Ukitaka abaki shughulika na hiyo miaka miwili, ile siku achana nayo.

Anza na karatasi ukutani

Mfumo tuliouzoea unajulikana, hesabu na baiolojia wanasoma wote mpaka kidato cha nne, fizikia na kemia ndo wengi wanaziacha wakivuka kidato cha pili. Mtoto anaona kapunguziwa mzigo. Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia kwamba bila fizikia kidato cha tano hakuna PCM (fizikia, kemia, hesabu), hakuna PCB (fizikia, kemia, baiolojia), hakuna PGM (fizikia, jiografia, hesabu), na bila kemia hata CBG (kemia, baiolojia, jiografia) haipo. Na kinachoniuma zaidi sio huko juu, ni hapa chini. Uliza darasa lako wasichana wangapi wanataka kuwa manesi, mikono itajaa. Alafu angalia hao hao wangapi wanajiandaa kuacha fizikia. Diploma ya uuguzi inataka ufaulu wa kemia, baiolojia na fizikia kidato cha nne, na utabibu vilevile. D inatosha, lakini lazima iwepo kwenye cheti. Mtoto anaiacha fizikia mwezi wa kwanza akiwa bado anasema atakuwa nesi, anakuja kujua ukweli miaka miwili baadae akiwa na cheti mkononi, na hapo mwalimu huna cha kumsaidia.

Fanya hivi. Mwezi wa pili wa kidato cha pili (usingoje wa kumi na moja wakati wa upimaji wa baraza la mitihani, NECTA, utakuwa umechelewa) kila mtoto aandike kwenye kikaratasi kazi anayoitaka, bila jina. Kusanya, chagua kazi kumi zilizojirudia. Tafuta sifa za kujiunga kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ufundi), upo mtandaoni bure, ziandike kwa maka pen kwenye manila kwa Kiswahili: nesi anatakiwa afaulu hiki na hiki, fundi sanifu umeme hiki na hiki, mtu wa maabara, mtu wa famasi, afisa kilimo. Bandika ukutani darasani, sio ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Mimi ile manila imekaa mwaka mzima na nimeona wasichana wanasimama pale mapumziko wanafuata mistari kwa kidole. Haihitaji hotuba.

Jihesabu mwenyewe

Hii inauma kidogo ila ifanye. Mpe mwanafunzi mmoja wa nyuma karatasi, aweke alama kila unapomwita mvulana na kila unapomwita msichana kujibu au kuja ubaoni, wiki mbili. Mimi nilikuwa naapa natenda haki. Yaliporudi matokeo wavulana 31 wasichana 6, na kati ya hao sita wanne niliwaita kufuta ubao.

Dawa yake ni rahisi. Andika majina yote kwenye vikaratasi, weka kwenye kopo la maziwa, chomoa. Na ukishauliza nyamaza, hesabu mpaka saba kimoyomoyo. Wavulana wananyoosha mkono kabla swali halijaisha hata kama jibu hawana, wasichana wengi wanataka wawe na uhakika kwanza, sasa ukimpokea wa kwanza kila siku maana yake unawazawadia wenye haraka. Zile sekunde saba zilibadilisha darasa langu kuliko semina yoyote niliyowahi kukaa.

Nani kashika?

Hapa ndo penyewe kwahiyo nitakaa kidogo.

Tuseme huna maabara, au unayo ila ni chumba na meza tu. Chukua uzi, mawe mawili moja dogo moja kubwa, rula, na simu yenye stopwochi. Funga jiwe kwenye uzi wa mita moja, lining'inize mlangoni, livute pembeni kidogo uliachie libembee. Mibembeo 20 kwenda na kurudi inachukua kama sekunde 40. Kabla ya kubadilisha jiwe simamisha kila kitu, kila mtu aandike utabiri wake, jiwe zito litabembea haraka zaidi au polepole? Darasa lote litakwambia haraka. Badilisha, hesabu tena, sekunde 40 zile zile. Alafu punguza uzi uwe sentimita 25, ghafla 20 zinaisha kwa sekunde 20. Angalia nyuso zao hapo.

Sasa utaratibu. Makundi ya watu watatu, wasizidi. Kazi tatu: anayeshika kifaa, anayesoma kipimo, anayeandika. Kila baada ya jaribio moja wanazunguka, na kwenye ripoti kila kipimo kina herufi za jina la aliyekichukua pembeni. Kipimo kisicho na jina hakina alama. Mwanzo watalalamika unapoteza muda, na wavulana wengine watamnyang'anya mwenzao kifaa kwa nia njema kabisa, "lete nikuonyeshe", hapo nenda taratibu, mwambie mwenzio anaweza, mrudishie. Na wewe mwenyewe mwalimu mkono wako uweke mfukoni. Sisi nasi tuna tabia hiyo, msichana akikwama kuunga saketi tunaichukua tunamuungia, mvulana akikwama tunamwambia hebu angalia tena ile waya. Mwambie na binti aangalie tena ile waya.

Kwa wale wa saketi, betri mbili za tochi, kitaa cha tochi mbovu, waya wa chaja iliyokufa, gundi ya karatasi, gharama karibu na sifuri. Wiki za mwanzo makundi ya wasichana watupu yanasaidia, baadae changanya, maana nje ya shule hakuna dunia ya wasichana watupu.

Swali lisichekwe darasani kwako

Kila mwaka kidato cha kwanza nawasimulia habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu sekondari ya Magamba, Lushoto, wanatengeneza aiskrimu, yeye akawahi nafasi kwenye friza akaingiza maziwa yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akamuuliza mwalimu wake, akaambiwa umechanganyikiwa wewe. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akamjibu hiyo ni fizikia ya Mpemba, na ikawa kila akikosea kitu darasani wanamtania hivyo hivyo. Siku moja akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar, Denis Osborne, Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza lile lile, wenzake wakacheka, ila Osborne akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba na wanasayansi bado wanabishana kwanini linatokea na lini.

Nawasimulia hiyo alafu naweka sheria: hapa hakuna kucheka swali. Anayecheka anapewa kazi ya kulitafutia lile swali jibu mpaka kesho yake. Kwa msichana wa miaka 14 kuchekwa mara moja na wavulana mbele ya darasa kunatosha kumnyamazisha mpaka kidato cha nne, nimeona kwa macho yangu, na kama aliyecheka ni mwalimu ndo basi kabisa.

Kizingereza kisiwe ukuta

Mtoto katoka msingi kasoma kila kitu kwa Kiswahili, mwezi wa kwanza anakutana na sayansi kwa Kizingereza. Mitihani ni ya Kizingereza, sawa, ila kuelewa kunaweza kuanza na Kiswahili. Mimi topiki mpya dakika kumi za mwanzo ni Kiswahili kitupu, wabishane kwanza, alafu istilahi zinafuata na zinaandikwa nyuma ya daftari, upande huu kani upande ule jina la mtihani (force), ukinzani (resistance), mchapuko (acceleration), hivyo hivyo.

Mfano ninaoupenda ni somo la kazi. Nilisema darasani kwamba ukibeba ndoo kichwani ukatembea tambarare, kwa fizikia ile kani inayoishikilia ndoo haijafanya kazi yoyote juu ya ndoo. Msichana mmoja ambae kila asubuhi anachota maji bombani kabla ya kuja shule akasimama, amekasirika kweli, "mwalimu sasa mbona shingo inaniuma?" Sikumkatiza. Nikaleta ndoo ya lita 20, akaipandisha mwenyewe toka chini mpaka kichwani, tukapima ni mita 1.5, kilo 20 mara 10 mara 1.5, juli 300, hiyo ndo kazi, na umeifanya pale ulipoinyanyua. Ukishaanza kutembea urefu kutoka chini haubadiliki. Na kuchoka je? Misuli ya shingo na mgongo inajikaza na kuachia ndani kwa ndani muda wote, inachoma chakula, ila nguvu hiyo haiendi kwenye ndoo, inaishia kuwa joto mwilini. Yule binti akakaa, akasema basi fizikia inanidhulumu ila nimeielewa. Kwenye mtihani swali la kazi hakuna msichana aliyelikosa mwaka ule. Mifano yetu ya vitabuni mingi ni gari na mpira na bunduki, sa weka ndoo, weka kinu na mchi, weka jiko la mkaa, weka cherehani.

Klabu, na saa yake

Klabu ya sayansi ya saa kumi jioni ni klabu ya wavulana, hilo lijue mapema. Saa kumi binti anatakiwa nyumbani, au ana kilomita tano za kutembea na jua linashuka. Ya kwangu inaanza saa nane mchana vipindi vikiisha na saa tisa na nusu mlango umefungwa, siku moja tu kwa wiki. Hata mwalimu mkuu akikunyima muda huo, omba kipindi cha michezo mara mbili kwa mwezi, kidogo kinatosha.

Cha kufanya humo? Anza na kemia ya jikoni. Chemsha rozela kavu (wengine mnaita choya), yale maji mekundu gawa kwenye glasi nne. Moja kamulia ndimu, inazidi kuwa nyekundu. Moja weka magadi, inageuka kijani au bluu hivi. Moja sabuni ya unga, moja maji ya majivu yaliyochujwa. Wao ndo wakwambie kipi kinafanana na kipi. Binti aliyeona mama yake anatia magadi kwenye maharage miaka yote anagundua kemia ameishi nayo nyumbani.

Ukishawapata ingia kwenye miradi, na mradi mzuri unatoka kwenye ugomvi wa nyumbani. Wasichana wangu wawili walianza na bibi anayechanganya mahindi na majivu ili yasibunguliwe na dumuzi (yule wazee wanamwita Scania), na mjomba anayesema hizo ni imani za kizamani. Nikawauliza tutajuaje nani mkweli? Walikaa wiki nzima wanabishana. Mwisho wakaja na makopo tisa yenye vifuniko vilivyotobolewa matundu madogo, punje 100 kila moja, matatu majivu ya kuni, matatu majani ya mwarobaini yaliyokaushwa na kusagwa, matatu hayana kitu, dumuzi kumi kumi kila kopo. Wiki ya sita wakamwaga kila kopo kwenye ungo wakahesabu punje zenye matundu, moja moja, mchana mzima. Kopo moja la majivu liliwapa jibu ovyo kuliko mengine na mmoja akataka kulitoa kwenye hesabu. Hapo ndo nilifundisha kitu ambacho silabasi hainipi nafasi ya kufundisha, kwamba hulitupi jibu kwa kuwa hulipendi, unatafuta kwanini. Wakaliangalia, kifuniko kilikuwa kimepasuka, majivu yamepata unyevu. Wakaandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Bibi alisomewa ile ripoti yote.

Mradi wa namna hiyo unaweza kuupeleka Young Scientists Tanzania, waliianzisha Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry mwaka 2011, na wanafunzi wanakwenda na mwalimu wao kuonyesha kazi zao Dar. Omba mapema. Hata msipochaguliwa fanyeni maonyesho yenu hapo shuleni siku ya kikao cha wazazi, meza sita tu, na anayeeleza awe binti mwenyewe, wewe kaa nyuma.

Nyumbani

Mzazi sio adui. Mama mmoja aliniambia hivi nilipokwenda kumuomba binti abaki siku ya klabu: "Mwalimu, nakuheshimu, lakini huyu akibaki huko nani ananikalia gengeni?" Ni swali la haki. Sikumhubiria umuhimu wa elimu, anaujua kuliko mimi, yeye ndo anaenunua sare. Nilimuuliza siku gani genge halina watu, akasema Jumanne, klabu ikahamia Jumanne. Ndo mambo yanavyokwenda.

Ukienda nenda na mwalimu wa kike au matroni, toa shikamoo yako vizuri, kaa unapokaribishwa, na uende na kitu cha kuonyesha, daftari la mtoto, hesabu aliyoifanya vizuri. Baba wengi hawajawahi kuitwa na mwalimu wa hesabu kwa jambo zuri. Hofu ya baba mara nyingi ni mbili, ada na "atamaliza lini". Ada mpaka kidato cha sita serikali ilishaondoa, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016 na cha tano na sita tangu 2022, ila michango na nauli vipo, usimdanganye. Na hilo la atamaliza lini mweleze njia fupi pia ipo, diploma baada ya kidato cha nne ni miaka mitatu na binti anakuwa na kazi ya mkono, sio lazima chuo kikuu.

Mlete mtu anayefikika

Majina makubwa yataje, yanasaidia. Verdiana Masanja aliyezaliwa Bukoba akawa mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata udaktari wa hesabu. Mwele Malecela aliyeongoza NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) alafu akaenda shirika la afya duniani, WHO, kusimamia mapambano na magonjwa kama matende na kichocho mpaka alipofariki 2022. Julie Makani wa Muhimbili, utafiti wa selimundu ulimpa tuzo ya Royal Society mwaka 2011. Nina picha zao ukutani.

Lakini kilichowagusa zaidi wasichana wangu ni dada wa maabara wa kituo cha afya cha hapa hapa kata. Alikuja na hadubini yake kwenye boksi, kaifungia kwenye kanga isigongane, akaweka slaidi ya damu, kila mmoja akapita kuangalia vimelea vya malaria, vile vidoti vya zambarau ndani ya chembe. Alafu akasema nilipata D ya fizikia na nililia, ila nilikuwa nayo. Kimya chote. Mtafute wa kwako, yupo, mama wa TANESCO anayepanda nguzo, afisa mifugo, fundi simu wa kike stendi. Mwambie asitoe hotuba, aje na kifaa chake na cheti chake.

Mambo ya kabatini

Haya nayapitisha haraka lakini usiyaruke. Weka taulo za kike na kanga moja kwenye kabati la maabara, ufunguo awe nao mwalimu wa kike au kiongozi wa klabu, asiombe kwako. Kukosa siku nne kila mwezi kwenye hesabu ni topiki nzima imepita. Mwalimu wa kiume mwenzangu, usibaki na binti mmoja ndani, mlango wazi, watu wawili au zaidi, namba za simu za wanafunzi usiwe nazo mfukoni, pita kwa mzazi. Binti akihisi kwamba msaada wa mwalimu una bei ataikimbia sayansi na wewe mwenyewe, na atakuwa sahihi.

Na aliyepata ujauzito akajifungua, tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi mfumo rasmi. Wengi vijijini bado hawaamini. Mfuate, mwambie, na akirudi mpe kopi za notsi alizokosa bila maneno mengi.

Haya yote yanafanya kazi pia kwa mtoto wa mfugaji anayehama na ng'ombe, na kwa yule mwenye uoni hafifu ambae watu wanamwambia hesabu sio zake. Huyo wa mwisho nilimwandikia maswali kwa maka nene kwenye karatasi kubwa na kumkalisha mbele, akaanza kunipita mimi kwenye aljebra.

Kidato cha nne, shika makaratasi

Kazi ya miaka inaweza kuanguka kwenye jina tu. Jina la cheti cha kuzaliwa na jina la NECTA yafanane, Mwajuma na Mwajabu ni watu wawili kwa kompyuta. Kagua wasichana wako wote kidato cha tatu kabla ya usajili wa mtihani, asiyekuwa na cheti aanze kukifuatilia RITA (wakala wa vizazi na vifo) kupitia wilayani sasa hivi, maana kuomba mkopo HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) bila cheti kilichohakikiwa ni kugonga ukuta. Aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kama kaya ipo TASAF (mpango wa kusaidia kaya maskini) namba yao waitunze, inasaidia kuthibitisha hali. Wanaofika kidato cha sita wakafanya vizuri sana sayansi waambie mapema kuhusu Samia Scholarship, ipo tangu 2022.

Selform (fomu ya kuchagua masomo na vyuo baada ya kidato cha nne) wasijaze peke yao kwa kuigana. Kaa na kila binti dakika kumi, aanze na tahasusi (mseto wa masomo ya kidato cha tano) anayoitaka, na chuo cha ufundi kama DIT cha Dar au ATC cha Arusha kiwepo kwenye machaguo. Alafu kabla hawajatawanyika baada ya mtihani andika kwenye daftari lako namba ya mtihani ya kila mmoja na namba ya simu ya mzazi au ya jirani, kwasababu matokeo yakitoka wengi wapo mashambani hawana bando, dirisha la TAMISEMI la kubadilisha tahasusi halikai wazi muda mrefu, na kuna binti atakuwa amepata C ya fizikia na kemia huku fomu yake inasema HKL, yaani historia, Kiswahili na lugha ya Kizingereza.